Video Ikikatika Katikati ya Somo: Tafuta Kosa Kabla ya Kulaumu Mashini

Leo hatusemi juu ya mbegu wala mbolea. Tunasema juu ya ile mashini ndogo inayotuletea masomo ya mbegu na mbolea, na namna ya kufanya inapokataa kazi.

Fikiri mkutano huu. Ni saa tisa mchana, kwenye kilima kimoja cha Masisi. Wanachama kumi na wawili wa koperative wamebanana kwenye mabenchi. Mbele yao iko mashini ya video, ile watu wengi wanaita MP4, na spika kando yake. Somo ni la mnyauko wa migomba, ugonjwa ambao wengine wanauita kirabiranya. Video inaonyesha dalili: majani yanalegea na kuwa ya njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina, usaha wa njano unatoka. Kisha inaonyesha namna ya kukata mgomba mgonjwa usawa wa udongo. Mkulima wa kwenye video anainua panga lake, na hapo hapo ekrani inakuwa nyeusi.

Mama mwenye kutunza mashini anaiwasha tena. Inaanza, inafika palepale, inazima tena. Mvua inakaribia, watu wanaanza kusimama. Mzee mmoja anasema: "Si kitu, mama. Tumeshaona. Mgomba mgonjwa unakatwa, basi."

Kesho yake wanakata. Lakini zile dakika mbili ambazo hawakuziona zilikuwa na neno kubwa kuliko yote: panga likishakata mgomba mgonjwa, lipitishwe kwenye moto au lisafishwe kwa maji ya Javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine. Bila hivyo, panga lenyewe linabeba ugonjwa. Wakulima wale, kwa bidii yao yote, wanaweza kupanda mnyauko katika shamba zima kwa mikono yao wenyewe.

Mkutano huu ni mfano tu, lakini hatari yake ni ya kweli. Hapa kwetu Kongo, mnyauko huu ulitambuliwa mara ya kwanza katika Masisi, mwaka 2001. Hakuna dawa ya kuponya mgomba uliokwisha kushikwa. Kinachookoa shamba ni kufuata hatua zote, bila kuruka hata moja. Kwa hiyo shika neno hili: somo la nusu linaweza kuharibu kuliko kukosa somo. Ndiyo sababu kutunza mashini ya video ni kazi ya shamba, kama kunoa jembe.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA KOPERATIVE NZIMA

Sisi wote tunajua barabara zetu. Kutoka Sake kupanda Masisi-centre, na kushuka hadi Walikale, kuna siku matope yanashinda gari, na kuna siku usalama unafunga njia. Monitere hafiki. Lakini karte ya memori, ndogo kama ukucha, inaweza kupita mfukoni mwa mtu anayetembea kwa miguu.

Leo masomo ni mengi. Shirika Access Agriculture, lililoanzishwa mwaka 2012, linakusanya video za wakulima katika lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Video hizo zinapakuliwa bila malipo, na nyingine zimetengenezwa nyepesi kwa ajili ya telefone ndogo. Huko India, kazi ya Digital Green ilianza mwaka 2006: wakulima wanapigwa video na kuonyeshwa wakulima wenzao kijijini. Waligundua kwamba video peke yake haitoshi. Anatakiwa mtu wa kuisimamisha, kuuliza watu wameelewa nini, na kujibu. Mtu huyo katika koperative yako ndiye tunayemwandikia leo.

KANUNI YA KWANZA: ULIZA MASWALI MATATU

Ng'ombe akiugua, hauanzi na sindano. Unamtazama kwanza: anakula? anakohoa? amelala tangu lini? Mashini nayo ni vilevile. Kabla ya kubonyeza kila kifungo, jiulize maswali haya, na andika majibu.

Swali la 1: Inakatika wapi? Ni palepale kila mara, kwa mfano dakika ya nane, au ni popote?

Swali la 2: Ni video moja tu, au ni zote?

Swali la 3: Inakatika hata ikiwa kwenye shaje, au inakatika tu ikitumia bateri yake?

Majibu yako yanakuonyesha njia:

– Video moja, palepale kila mara: faili ya video ndiyo mbovu. Mashini haina kosa.

– Video zote, popote, zaidi wakati sauti iko juu: tazama bateri, au joto.

– Video haianzi kabisa, mashini inasema haiwezi kusoma, au sauti inatoka bila picha: aina ya video haifai kwa mashini hiyo.

– Video za kwanza ziko sawa, lakini zile zilizoingizwa mwisho zote zinakwama: tazama karte ya memori.

Na kanuni nyingine ya kushika: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha karte, na bateri, na video kwa mara moja, hata mashini ikipona hautajua nini kiliiponya. Kesho kosa litarudi, na wewe utaanza upya.

KOSA LA KWANZA: NGUVU YA BATERI

Kuchora picha, kuwasha ekrani na kutoa sauti ni kazi tatu kwa wakati mmoja. Bateri iliyozeeka inaweza kuonyesha kwamba imejaa nusu, lakini ukiweka sauti juu, nguvu inashuka ghafula na mashini inazima. Ni kama mtu mgonjwa: akikaa unamwona mzima, akibeba mzigo anaanguka.

Jaribu hivi. Unganisha mashini na shaje au na pawabenki, kisha cheza video ileile. Ikipita bila kukatika, bateri ndiyo kosa. Angalizo: mashini nyingine zikiunganishwa na ordinatere haziwezi kucheza video, zinageuka kuwa kama karte tu. Kwa hiyo tumia shaje, si ordinatere.

Ukijua ni bateri, fanya haya:

– Punguza mwanga wa ekrani. Kaeni ndani au kivulini, ili mwanga mdogo utoshe.

– Tumia spika yenye bateri yake yenyewe.

– Jaza bateri siku moja kabla ya somo. Kwa pano ya jua, mawingu yakipita nguvu inapanda na kushuka, na mashini inaweza kuzima na kuwaka. Afadhali pano ijaze pawabenki, kisha pawabenki ilishe mashini.

– Usiunganishe kamwe mashini ya volti 5 moja kwa moja na bateri kubwa ya volti 12. Itaungua siku hiyohiyo.

Bateri ikivimba, hata kidogo, acha kuitumia. Usiitoboe, usiiweke juani, usiitupe motoni. Inaweza kulipuka. Iondoe mbali na watoto, umpe fundi.

KOSA LA PILI: FAILI ILIYOKATIKA NJIANI

Turudi kwa mkutano wetu wa mfano. Baada ya siku chache monitere anafika. Mama mtunza mashini anamkuta mlangoni.

"Papa Monitere, ile mashini yenu imekufa. Iko inazima palepale, kila mara."

"Pole, mama. Na video zingine?"

"Zingine ziko zinatembea muzuri. Ile ya maharagwe tumeona mpaka mwisho."

"Basi mashini haina shida. Faili ya mnyauko katika karte yenu ina ukubwa gani?"

Wanatazama. Katika ordinatere ya monitere faili ina MB 96. Katika karte ya koperative ina MB 78. Video yote ni ya dakika kumi. Waliopata MB 78 walipata dakika nane na kidogo.

"Mama, siku mulipocopier, nani alitoa karte?"

Mama anacheka kidogo kwa haya. "Kijana wangu. Alikuwa na haraka, moto ulikuwa karibu kukatika."

Ndivyo faili nyingi zinavyokufa. Kuhamisha video ni kama kumimina mafuta ya mawese kutoka bidon moja hadi nyingine: ukivuta bidon kabla haijajaa, hautapata yote. Na tofauti ni kwamba jina la faili linaandikwa mwanzoni, kwa hiyo kwa macho inaonekana nzima.

Kwa hiyo:

– Ukimaliza kuhamisha, usivute karte. Katika ordinatere chagua kwanza amri ya kuondoa karte kwa usalama, ungoje ujumbe wa ruhusa.

– Linganisha ukubwa wa faili pande zote mbili. Tarakimu ziwe sawasawa. Tofauti hata ya MB moja ni dalili mbaya.

– Cheza dakika ya mwisho ya video. Wengi wanajaribu mwanzo tu, na mwanzo mara nyingi uko sawa.

– Faili ikiwa mbovu, ifute, uihamishe upya kutoka kwa chanzo. Usiihamishe kutoka karte ya jirani ambayo nayo ilikatika. Mbegu mbovu haizai mbegu nzuri.

KOSA LA TATU: KARTE YA MEMORI

Katika masoko yetu kuna karte za uongo. Juu imeandikwa GB 64, ndani mna nafasi ya GB 8 tu. Ni kama gunia la mbolea lililojazwa mchanga chini. Ukiingiza video za kwanza, zinacheza. Ukipita nafasi ya kweli, karte haikwambii kwamba imejaa. Inaendelea kupokea, lakini video mpya zinaharibika, au zinafuta zile za zamani.

Ukinunua karte mpya, ijaribu kabla haujaiamini. Ijaze video mpaka karibu na mwisho, kisha fungua zile ulizoingiza mwisho na zile ulizoingiza kwanza. Zote zikicheza, karte ni nzuri. Fundi mwenye ordinatere ya Windows anaweza kuipima kwa programu H2testw, ambayo ni ya bure. Ipimwe ikiwa tupu.

Jambo lingine: mashini nyingi za zamani hazisomi karte kubwa kuliko GB 32. Karte kubwa zaidi hupangwa kwa mtindo uitwao exFAT, na mashini ya zamani inafahamu FAT32 tu. Usinunue karte kubwa kwa sifa. Karte ya GB 8 au 16 inatosha masomo mengi ya msimu mzima.

Na jaribio lepesi kuliko yote: zima mashini, toa karte, kisha iwashe tena. Ikikaa vizuri bila karte, na kucheza video iliyo ndani yake yenyewe, kosa liko kwa karte. Futa vile vipande vya rangi ya dhahabu vya karte kwa kitambaa kikavu na laini, uirudishe. Usitumie mate, usitumie maji.

Kabla ya kuformati karte, yaani kuisafisha yote, hakikisha video zote ziko mahali pengine. Kuformati kunafuta kila kitu.

KOSA LA NNE: AINA YA VIDEO HAIFAI

Hapa watu wengi wanadanganyika na jina. Tunaiita mashini MP4, na faili nayo inaisha na herufi mp4. Mtu anasema: "MP4 kwa MP4, mbona inakataa?"

Jibu ni hili. Mp4 ni jina la gunia tu. Ndani ya gunia mnaweza kuwa mahindi, maharagwe au kahawa. Mashini ya kusaga mahindi ukiitia kahawa, itakwama, hata kama gunia ni lilelile. Ndani ya gunia la mp4, picha inaweza kuwa imefungwa kwa njia ya H.264, ambayo mashini nyingi zinaisoma, au kwa njia mpya zaidi ya H.265, ambayo mashini za zamani hazijui kabisa. Ndiyo maana sauti inaweza kutoka bila picha, au mashini inaganda na kujizima.

Tena kuna uzito. Video iliyopigwa na telefone mpya ina picha kubwa mno kwa mashini ndogo. Pima uzito kwa hesabu hii: chukua ukubwa wa faili katika MB, gawanya kwa dakika za video.

Mfano wa kwanza: MB 60 kwa dakika 10 ni MB 6 kwa dakika. Ni nyepesi, mashini nyingi ndogo zinaibeba.

Mfano wa pili: MB 600 kwa dakika 10 ni MB 60 kwa dakika. Mashini ndogo itapumua kwa shida, picha itarukaruka, kisha itakatika.

Video nzito haifai kulazimishwa. Inageuzwa. Fundi mwenye ordinatere anaweza kutumia programu ya bure iitwayo HandBrake. Kata kipande hiki cha gazeti umpelekee:

KARATASI YA FUNDI
Gunia la faili: mp4
Picha: H.264, profaili Baseline
Ukubwa wa picha: sawa na ekrani ya mashini, kwa mfano 320 × 240 au 480 × 272
Picha kwa sekunde: 25 au chini yake
Uzito wa picha: karibu kilobiti 500 kwa sekunde
Sauti: AAC
Jina la faili: fupi, bila nafasi na bila alama juu ya herufi, kwa mfano mnyauko1.mp4

Jina fupi si mapambo. Mashini nyingine zinashindwa kufungua faili yenye jina refu au yenye herufi kama é na ç. Na mashini nyingine ndogo zinataka AVI peke yake. Soma karatasi iliyokuja na mashini. Kama imepotea, tazama video iliyokuja ndani ya mashini ilipokuwa mpya: inaisha na herufi gani? Mfuate huyo.

Kama unatumia telefone badala ya MP4, weka programu ya VLC, nayo ni ya bure. Inasoma aina nyingi kuliko programu iliyokuja na telefone. Lakini hata VLC haiwezi kurudisha dakika ambazo hazimo ndani ya faili.

KOSA LA TANO: JOTO, MAJI NA VUMBI

Masisi ni milima na baridi. Walikale ni msitu, joto na unyevu. Zote mbili zina namna yake ya kuua mashini.

Katika milima, asubuhi mashini ni baridi kama jiwe. Ukiiingiza kwenye chumba chenye watu wengi na jiko, umande unaweza kushika ndani yake. Iache kwanza ndani ya mfuko wake kwa nusu saa, kisha iwashe. Katika msitu, unyevu unakaa daima. Hifadhi mashini ndani ya boksi ya plastiki yenye kifuniko kigumu, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Mashini ikiwa moto mkononi na ikazima, iko inajilinda. Iondoe juani, itoe kwenye shaje, iache kivulini kwa dakika ishirini. Usiipoze kwa maji wala kwa kitambaa chenye maji.

IKIGANDA KABISA

Picha imesimama na vifungo havijibu. Shika kifungo cha kuwasha kwa sekunde kumi na tano. Ikikataa, tafuta tundu dogo sana nyuma au chini, ingiza waya mwembamba na ubonyeze polepole. Hapo mashini inaanza upya. Kuwa mwangalifu usichanganye tundu hilo na tundu la maikro.

Mtu akikwambia mashini inataka programu mpya ya ndani, ngoja. Programu isiyo ya mashini yako hasa inaweza kuiua kabisa, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ni vilevile. Iwe njia ya mwisho, mikononi mwa fundi anayejua.

SIKU YA SOMO: FANYA HIVI

Jana yake:
1. Jaza bateri ya mashini, ya spika na pawabenki.
2. Tazama video yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye mashini ileile utakayotumia.
3. Beba karte ya pili yenye masomo yaleyale, iliyojaribiwa.
4. Andika kwenye karatasi hatua zote za somo, kwa maneno mafupi.

Namba 4 ndiyo inayookoa shamba. Kwa somo la mnyauko, karatasi ingesema hivi:

– Tambua mgomba mgonjwa.
– Kata shina gonjwa usawa wa udongo.
– Choma panga kwa moto au safisha kwa Javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine.
– Chane la mwisho likishatoka, vunja ua dume kwa mti wenye panda, usitumie panga. Wadudu wanaokwenda kwenye ua hilo wanabeba ugonjwa.
– Usichukue miche kutoka shamba lenye ugonjwa.

Video ikikatika, jaribu mara mbili, si zaidi ya dakika kumi. Kisha funga mashini, shika karatasi, endelea kwa mdomo. Chukua panga na moto, onyesha. Na kabla watu hawajaondoka, sema wazi: "Bandugu, hatukuona mwisho wa video. Mtu asikate mgomba kabla hatujapitia hatua zote pamoja." Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuacha watu waende na nusu.

DAFTARI YA MASHINI

Koperative iwe na daftari moja tu kwa kazi hii. Kila kosa liandikwe: tarehe, jina la video, dakika ilipokatika, bateri ilikuwaje, karte gani, tulifanya nini, matokeo. Baada ya miezi mitatu utaona mwenyewe. Pengine makosa yote ni ya karte ileile. Pengine yote ni saa kumi jioni, bateri inapochoka. Daftari pia inalinda mtunzaji. Mashini ikiharibika, hakuna wa kusema "ni yeye aliivunja" bila ushahidi.

MASWALI YA WAKULIMA

Vijana wanataka kuweka nyimbo na filamu kwenye mashini ya koperative. Tukatae?
Patanisheni. Nyimbo ziwe kwenye karte nyingine, na karte ya masomo isitoke mikononi mwa mtunzaji. Karte inayopita kwenye telefone na ordinatere nyingi inashika virusi, na virusi vinaweza kuficha au kuharibu faili.

Fundi amesema tununue mashini mpya. Tumwamini?
Mwambie kwanza majibu ya yale maswali matatu. Umwombe acheze video yako kwenye mashini yake nyingine. Ikikatika palepale na huko, mashini yako ni nzima, na faili ndiyo ya kubadilishwa. Umeokoa pesa ya koperative.

Video ikikatika, tunaweza kuruka mbele?
Unaweza kujaribu. Pengine kuna kipande kibovu katikati, na mbele ni sawa. Lakini uwaambie watu umeruka dakika ngapi, na usome hatua hizo kwenye karatasi.

KAZI KWA KIKUNDI

Fanyeni kazi hii katika mkutano ujao, nusu saa inatosha.

1. Chukueni karte yenu. Kila video, chezeni dakika ya mwisho. Ngapi zimefika mwisho?
2. Chagueni video tatu. Gawanyeni MB kwa dakika. Ipi ni nzito?
3. Mtu mmoja azime mashini ghafula katikati ya somo bila kuonya. Mtunzaji aendelee kwa mdomo na karatasi. Wengine waseme: kuna hatua aliyosahau?
4. Chagueni mtunzaji wa pili, mama au kijana, ajifunze kila kitu ambacho wa kwanza anakijua. Wa kwanza akiugua au akihama, somo lisihame naye.

Mzee wa mkutano wetu wa mfano alisema "tumeshaona". Mkutano wako ukiisha, usiulize kama watu wameona. Mwombe mmoja asimame na panga mkononi, aonyeshe hatua ya mwisho. Akiweza, somo limefika.